Mrejesho: nondo zilizokatika Kondele

Wadau, niliuliza kuhusu nondo za milimita 12 zilizokatika fundi akizikunja kwenye saiti yetu ya ujenzi hapa Kondele, Kisumu, mkaniambia nizipeleke maabara zivutwe hadi zikatike, kupima ubora wake. Majibu yametoka. Nguvu ipo, tena zilipita megapaskali 500 (kipimo cha mvuto ambao chuma kinahimili). Shida ni kurefuka. Chuma kizuri huvutika kwanza, kikaingia kiuno (kikawa chembamba sehemu moja), ndipo kikatike. Hizi zilikatika pap! bila kiuno chochote, na pale palipokatika pakawa bapa, pametameta chembechembe. Tulipozipima uzito, mita moja haikufika hata zile gramu 888 za kawaida za nondo ya milimita 12. Muuzaji (simtaji) amekubali kuzichukua, ila gharama ya lori ni juu yangu. Wewe uliyesisitiza niulizie kurefuka, nina deni lako la samaki pale ufuoni Dunga.