Mwingereza akikuandikia "it's not cricket" anakusudia nini hasa?

Karani wa Pwani

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni karani katika ofisi ndogo ya kukodisha nyumba za wageni hapa Mombasa, na barua zote za Kiingereza hupitia kwangu ili nimfasirie meneja. Mwezi uliopita tulimwandikia wakala wetu mmoja wa Uingereza kumjulisha kuwa bei ya Desemba imepanda. Mkataba unaturuhusu kubadilisha bei hadi siku ya mwisho ya mwezi, nasi tulimwandikia siku hiyo hiyo jioni, wakati yeye ameshawauzia baadhi ya wateja wake kwa bei ya zamani. Alijibu kwa ufupi kwamba mkataba ameusoma na haki tunayo, lakini "it's just not cricket". Kamusi yangu inasema "cricket" ni nyenje, yule mdudu anayelia usiku, na tena ni jina la mchezo. Nikamwambia meneja kuwa wakala anasema huu si mchezo, naye akawaka, akidhani tunatishiwa. Naomba kujua: hayo maneno ni tishio, ni tusi au ni lalamiko? Na kwa Kiswahili ningesemaje?

Winga wa Kushoto

Pole, dada. Hakuna tishio hapo. Anasema mmemchezea rafu, basi. Ni sawa na ule msemo wao mwingine, "below the belt", yaani kumpiga mtu chini ya mkanda, ambao umetoka kwenye ndondi.

Mfasiri Mkongwe

Kaka Winga umekaribia, ila kwenye rafu nakupinga, kwa sababu rafu ina refa na ina kadi. Anayepiga chini ya mkanda amevunja kanuni iliyoandikwa: mwaka 1930 mjini New York, Max Schmeling alipewa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa ameanguka ulingoni, kwa kuwa Jack Sharkey alimpiga chini. Huyu wakala hasemi hivyo. Yeye mwenyewe amekiri kuwa mkataba unawaruhusu, na hapo ndipo msemo wa kriketi unapokaa, kwa maana unalaumu jambo ambalo kanuni hailikatazi lakini mtu mwenye haya halifanyi.

Mfano ambao wapenzi wa mchezo huo hawausahau ni wa tarehe 1 Februari 1981 mjini Melbourne. Ulibaki mpira mmoja tu wa kurushwa, na New Zealand walihitaji alama 6 ili kutoka sare na Australia, alama ambazo hupatikana kwa kuupiga mpira ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini. Nahodha wa Australia, Greg Chappell, akamwagiza mdogo wake Trevor, aliyekuwa mrushaji, auviringishe mpira chini kama mtoto anayecheza gololi, ili usiweze kuinuliwa. Mpigaji, Brian McKechnie, aliuzuia, kisha akalitupa gongo lake kwa hasira. Kanuni za wakati ule hazikukataza kurusha namna hiyo, na ushindi wa Australia haukutenguliwa. Hata hivyo Waziri Mkuu wa New Zealand, Robert Muldoon, alikiita kitendo hicho uoga, na baadaye urushaji huo ukapigwa marufuku katika mechi za siku moja.

Kwa hiyo, dada, mimi ningeandika: "Haki mnayo, lakini huu si uungwana."

Mwana wa Lamu

Shikamoo, mzee. Naomba kuuliza kwa heshima: je, neno uungwana halina kasoro yake? Huku kwetu mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba, akitofautishwa na mtumwa. Tukilitumia, hatumaanishi tabia njema peke yake, tunabeba na ubaguzi wa zamani.

Mfasiri Mkongwe

Marahaba, mwanangu. Umegusa penyewe, na ndiyo sababu nalipenda neno hilo hapa. Kriketi ya Uingereza nayo ilikuwa na waungwana wake: kulikuwa na mechi maarufu kati ya "Gentlemen", waliocheza bila mshahara kwa kuwa walijiweza, na "Players", waliolipwa, na utengano huo ulifutwa rasmi mwaka 1962 tu. Maneno yote mawili yametoka kwa watu waliojiona wa juu, na yote mawili leo yametulia kwenye maana ya adabu, ingawa kiburi kidogo bado kinanukia. Tafsiri inayobeba hata harufu hiyo haipatikani kila siku.

Karani wa Pwani

Nawashukuru sana. Je, katika kumjibu naweza kuutumia msemo huo huo, ili aone kuwa tumemwelewa?

Mfasiri Mkongwe

Nisingekushauri. Kwanza, msemo huu hutumika zaidi kwa kukanusha. Ni nadra kumsikia Mwingereza akimsifu mtu kwa kusema kuwa alichofanya ni kriketi. Pili, ni wa kizamani, na wengi husema kwa nusu utani, kwa hiyo huwezi kujua kutoka kwenye barua ametabasamu kiasi gani. Tatu, anayeutumia anajiweka upande wa aliyeonewa, nanyi hamko upande huo. Mwandikie kwa Kiingereza cha kawaida kwamba mnaelewa taarifa ilimfikia kwa kuchelewa.

Karani wa Pwani

Nimerudi kuwapa mrejesho. Leo asubuhi nilimsomea meneja barua ile upya: haki tunayo, lakini huu si uungwana. Alinyamaza kidogo, akairudisha kalamu mfukoni, kisha akaniuliza wakala ameshauza vyumba vingapi kwa bei ya zamani. Nikamjibu ni vinne. Akasema hivyo vinne viende kwa bei ile ile.