Naomba ushauri: kuondoa vinyama vya usoni kwa leza

BintiTanga:
Ndugu zangu, habari za leo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, na kwa miezi minane sasa taya lake la kushoto limeota vinyama vidogo bapa, vyenye rangi ya ngozi, vilivyojipanga mstari mmoja kama shanga uzini. Alivipaka dawa ya maji ya kuondolea sugu za miguu, ngozi ikababuka na doa jeusi lipo hadi leo. Saluni moja imemwambia itavichoma kwa leza na kuvimaliza kwa siku moja. Naogopa, kwa kuwa katika ukoo wetu wapo wenye makovu ya keloidi, yaani yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Mliopitia haya, nielekezeni.

KinyoziIlala:
Pole, dada. Huo mstari unaonyesha njia ya wembe. Kirusi cha chunjua huingia kwenye michubuko ya kunyolea, kisha kikapandwa upya kila anaponyoa. Aache wembe, apunguze ndevu kwa mkasi, na taulo lake liwe lake peke yake.

TabibuNgozi:
Nasisitiza kwamba avionyeshe kwanza kwa daktari wa ngozi, kwa sababu si kila kinyama ni chunjua. Vile vipele vyeusi vinavyoota mashavuni kwa watu wazima wengi wa ngozi nyeusi havitokani na kirusi wala haviambukizi. Ikiwa ni chunjua na zimezagaa sana, apime na VVU, kwani kinga ya mwili ikishuka huenea kwa kasi.

Leza ya kaboni dayoksaidi huchemsha maji yaliyomo ndani ya seli hadi nyama ikawa mvuke. Hufanywa kwa ganzi, macho yakiwa yamekingwa, na kifyonza moshi kikiwa karibu, maana moshi ule unaweza kubeba chembe za kirusi. Hata hivyo, kirusi kinaweza kubaki kwenye ngozi ya pembeni inayoonekana safi, kwa hiyo ahadi ya siku moja msiiamini. Chunjua nyingi za aina hii hupotea zenyewe, japo huchukua miezi au hata miaka, na kwa mtu mwenye ukoo wa keloidi mimi huanza na krimu ya tretinoini, dawa ya kupaka inayobabua ngozi ya juu polepole. Akiamua leza, achomwe kimoja tu karibu na sikio, asubiri miezi michache aone kovu linavyokuwa.

MamaWawili:
Mimi nilichomwa tisa. Nilisikia harufu ya nywele zinazoungua, na vigaga vilidondoka siku ya saba vikaacha ngozi ya waridi, ambayo baadaye iligeuka nyeusi kwa miezi mitano. Viwili vilirudi.

BintiTanga:
Nawashukuru mno. Tutaahirisha saluni na kumpeleka Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC. Yeye ni dereva wa bodaboda, jua atalikwepaje?

TabibuNgozi:
Krimu ya kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, aipake tena kila baada ya saa mbili, na kofia ngumu yenye kioo cheusi. Mkanda wa kidevuni usisugue pale penye vinyama. Aufunge kitambaa laini na kukifua kila siku.