Mjadala: Wamisionari waliifuata bendera, au ndio walioiita?

Ndugu zangu, kila tukigusa suala hili kuna hoja inayorudi: kwamba wamisionari walikuja kuhubiri tu, na wakoloni wakaja kwa mambo yao wenyewe. Mimi naikataa, na ushahidi wangu ni Buganda, ufalme uliokuwa kiini cha Uganda.

Mwaka 1891 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikishikilia Uganda iliishiwa fedha, ikaamua kumwondoa Kapteni Lugard, mwakilishi wake huko. Yaani ukoloni ulikuwa unafungasha virago. Nani aliuzuia mlangoni? Askofu Tucker wa misheni ya Kianglikana ya CMS. Alisimama London mbele ya waumini akawaomba wachange, yakapatikana maelfu ya pauni, na kampuni ikabaki mwaka mmoja zaidi.

Sasa tazameni kilichotokea ndani ya mwaka huo uliolipiwa kwa sadaka. Tarehe 24 Januari 1892 Waganda Wakatoliki na Waganda Waprotestanti walipigana Mengo, makao makuu ya Buganda. Lugard alikwisha kuwagawia Waprotestanti bunduki, na kutoka ngome yake ya kilima cha Kampala akafyatua bunduki ya Maxim, ya kumimina risasi mfululizo. Kanisa la Wakatoliki la Rubaga lilichomwa moto. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe, ziwani. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa himaya ya Uingereza.

Mtasema Waganda nao walikuwa na mkono wao. Kweli kabisa. Kina Apolo Kaggwa, kiongozi wa Waganda Waprotestanti, hawakuwa watoto wa kuburutwa. Walipigania vyeo na ardhi, na walivipata. Hilo halimwondolei askofu mzigo wake.

Wengine watamtaja Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliyeandika mwaka 1920 kupinga Waafrika wa Kenya kufanyishwa kazi kwa lazima. Namheshimu sana. Ila kumbukeni alikuwa akiwapinga pia maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda, waliokubali kazi hiyo ya lazima mradi iwe na sheria na usimamizi. Ujasiri wake ni wake, msiugawe kwa misheni zote.

Anayeamini Uganda ingetawaliwa vilevile bila mchango ule wa London, anijibu hili: kampuni haikuwa na fedha, na Gladstone, aliyerudi kuwa waziri mkuu wa Uingereza mwaka huo wa 1892, hakuitaka Uganda. Nani mwingine alikuwa tayari kulipa?