Mimea mipya kwenye tangi la kamba: kuchovya, karantini au mimea ya maabara?

TangiDogo

Wakuu, habari za muda huu. Nina tangi la lita 40 la kamba cheri (Neocaridina davidi, uduvi wadogo wa maji baridi). Wamezaliana vizuri, kila nikisogeza mosi (moss, kile kimea cha nyuzinyuzi) naona vitoto vinaruka. Sasa nataka kuongeza mimea ya Anubias, Cryptocoryne, na Vallisneria kwa nyuma ili wapate pa kujificha na kulisha.

Kinachonitia hofu ni visa ambavyo wengi tumevisoma: mtu anaweka mmea mpya jioni, asubuhi kamba wamelala ubavu, wakati samaki na konokono wa tangi hilohilo wako salama kabisa. Njia ninazoziona ni kuchovya mimea kwenye klorini au pamanganeti (dawa ya zambarau ya kuua vijidudu), kuiloweka kwenye shabu, kuiweka karantini ndooni kwa wiki kadhaa, au kununua ile ya maabara inayokuja kwenye vikombe vya jeli. Mngekuwa ninyi mngechagua ipi? Kundi hili nimelilea tangu wakiwa wachache, sitaki kulipoteza kwa pupa ya mapambo.

FundiFilta

Mkuu TangiDogo, kabla ya kuchagua njia, jiulize unamkinga kamba na adui yupi, maana wako wa namna mbili na kinga yao si moja.

Wa kwanza ni viumbe: konokono na mayai yao, planaria (minyoo bapa), hidra (vijinyama vyenye mikono inayochoma), ruba, na mbaya kuliko wote, tunutu wa kereng'ende, anayewinda kamba mmoja baada ya mwingine. Wa pili ni sumu iliyomo kwenye mmea wenyewe. Watu wengi huchovya mimea wakidhani wamejikinga na wote wawili. Hapo ndipo msiba huanzia.

Mimea mingi ya akwariamu hukuzwa kwenye vitalu majani yakiwa hewani, mizizi tu ndiyo iliyo majini. Majani ya hewani huliwa na wadudu kama zao lolote lile, kwa hiyo hupuliziwa viuatilifu. Tena mimea inayovuka mipaka hutakiwa ifike bila wadudu wala konokono, basi mara nyingi hutiwa dawa kabla ya safari. Kamba ni jamaa wa karibu wa wadudu, na mfumo wake wa neva hushambuliwa na dawa zilezile. Kiwango ambacho samaki hata hakihisi kinaweza kufagia kundi zima la kamba.

Baadhi ya viuatilifu havibaki juu ya jani. Mmea huvinyonya kwa mizizi ukavisambaza ndani ya shina na majani. Kuuchovya kwenye klorini dakika mbili ni sawa na kuosha ganda la embe ukitaka kumtoa funza aliye ndani.

BintiUduvi

Namuunga mkono kaka FundiFilta, na ndiyo maana mimi kwa tangi la kamba nachagua mimea ya maabara bila kusita. Imekuzwa kutoka kipande kidogo cha tishu ndani ya chombo kilichofungwa, mahali pasipo na vijidudu. Hakuna mdudu aliyeingia, basi hakuna aliyehitaji kupuliziwa dawa. Unakinga aina zote mbili za adui kwa mkupuo mmoja.

Ila jeli ioshwe sawasawa. Ina sukari na virutubisho vya kulishia mmea, na ikiingia tangini bakteria hufumuka, maji yakawa na ukungu na oksijeni ikashuka. Tumia maji ya vuguvugu, chezesha mizizi kwa vidole mpaka isitereze tena.

Udhaifu wake upo. Mmea huja mdogo na laini, haujawahi kuishi chini ya maji, na siku za mwanzo majani mengine hunyauka. Wala si kila aina hupatikana kwenye vikombe. Anubias na Cryptocoryne utazipata kirahisi.

MzeeWaMosi

Wanangu, msiitupe njia ya kuchovya haraka hivyo. Si kila mtu anapata vikombe, na mmea mkubwa uliokomaa una faida zake. Tatizo ni watu kuchovya bila vipimo.

Klorini: chukua dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato wala sabuni, yenye hipokloriti ya sodiamu asilimia 5 hadi 6. Sehemu moja ya dawa kwa sehemu 19 za maji. Anubias na jimbi la Java (Java fern) vinastahimili dakika moja na nusu hadi mbili. Mimea yenye majani membamba ipunguzie muda, na mosi usiiguse kabisa. Ukitoa mmea, suuza, kisha uloweke kwenye maji yenye dozi kubwa ya dawa ya kuondoa klorini mpaka harufu iishe. Fanya penye hewa ya kutosha, na usichanganye klorini na siki, amonia wala dawa nyingine yoyote, gesi yake inadhuru mapafu.

Shabu ni mpole zaidi. Kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji, kwa muda wa saa mbili hadi tatu, kisha suuza sana. Inafaa kwa konokono, ingawa mayai yaliyo ndani ya ute hayafi yote kwa muda huo. Pamanganeti nayo ni kali lakini inaua mwani na vijidudu vingi. Maji yawe ya waridi, yasiwe zambarau nzito, dakika 10 hadi 20. Vaa glavu, huacha madoa ya kahawia.

Kwa Vallisneria, tafadhali, klorini hapana. Huyeyuka yote. Tumia shabu.

BintiUduvi

Shikamoo mzee. Vipimo vyako ni sahihi na nimevinakili. Nina swali moja tu kuhusu tunutu. Wapo kereng'ende wale wembamba, wanaokunja mabawa mgongoni wakitua, ambao hutoboa shina na kutaga mayai ndani yake. Dawa ya juujuu itawafikiaje?

MzeeWaMosi

Marahaba. Haiwafikii vizuri, nakubali. Hao utawapata kwa kusubiri tu: waache waanguliwe ndooni uwaone, uwatoe.

MajiTulivu

Basi mzee ameniletea mada yangu mlangoni. Karantini ndiyo njia pekee kati ya hizi inayogusa sumu na viumbe pamoja kwa mmea wa kawaida wa kitaluni, kwa sababu inatumia kitu ambacho dawa haiwezi kukifupisha: muda.

Ninavyofanya: kwanza natoa mmea kwenye kikopo na kuondoa ile pamba ya mawe (rockwool, nyuzi zinazoshikilia mizizi) yote, hata nyuzi zilizojificha kati ya mizizi, kwa kibano. Pamba hiyo hushika maji ya kitaluni pamoja na dawa zake, na mara nyingine ina vidonge vya mbolea ya kuyeyuka polepole. Wengi huosha majani vizuri halafu wanazika pamba hiyo changaraweni. Hilo linanisikitisha kila ninapoliona.

Kisha nakata majani makuukuu, nabakiza machanga na shina. Majani ya hewani yatakufa tu mmea ukizama, na ndiyo yaliyobeba dawa nyingi. Ndoo safi isiyowahi kutumika na sabuni, taa kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku, pampu ndogo ya hewa, na mfuko wa mkaa amilifu (mkaa unaonasa sumu majini). Maji nabadilisha yote kila baada ya siku mbili au tatu, wiki tatu hadi nne. Mmea ukishatoa majani mapya chini ya maji, hapo unajua umeanza kuishi kwa maji yako, si kwa akiba ya kitaluni.

Mimea inayokua haraka humaliza karantini mapema. Anubias hukua taratibu, jani moja hukaa miezi, kwa hiyo hata sumu iliyomo hutoka taratibu. Ajabu ni kwamba huo mmea mgumu kufa ndio ninaoupa muda mrefu zaidi.

TangiDogo

Shukrani sana, hilo la Anubias sikulijua. Je, mmea ukiuzwa kwa maneno "salama kwa kamba", bado nisubiri mwezi mzima?

KijaniTele

Subiri. Mimi nilinunua mimea kwa muuzaji aliyenihakikishia kwa maneno hayohayo, wala sidhani alidanganya, huenda naye hakujua ilikotoka ilitiwa nini. Kilichofuata nakieleza ili uzijue dalili.

Baada ya saa chache kamba walianza kuogelea ovyo, wakizunguka juu na chini bila kutua. Kamba mwenye afya hutumia siku nzima akichokora chakula kwa miguu ya mbele. Ukiona wote wameacha kula na wanakimbia ndani ya maji, kuna kitu. Kisha wakaanza kuanguka chali, miguu ikitetemeka. Nikapima amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa tangi, zote sifuri. Konokono walikuwa wakitambaa kama kawaida. Mchanganyiko huo, kamba wanakufa, konokono wazima, vipimo safi, unaelekeza kidole kwenye kiuatilifu. Ingekuwa sumu ya shaba, konokono nao wangeumia.

Kilichowaokoa waliobaki ni kuhamishwa. Niliwatoa wote nikawapeleka kwenye maji ya tangi jingine lililokomaa, lenye joto lilelile na madini yanayokaribiana. Kama huna tangi la pili, toa mimea mara moja, badilisha nusu ya maji kwa maji yanayolingana joto na madini, weka mkaa amilifu mpya, rudia kesho yake. Usimwage yote kwa mshtuko, kamba hujivua gamba kabla ya wakati maji yakibadilika ghafla na wengi hufia hapo.

FundiFilta

Pole sana KijaniTele, na asante kwa maelezo haya. Naongeza kuhusu shaba: mkaa amilifu ni mzuri kwa viuatilifu vya asili ya kikaboni, lakini kwa shaba usiutegemee. Ipo kwenye dawa za kuua konokono na za mwani, na vitalu vingine huzitumia. Ile shaba kidogo iliyo kwenye mbolea ya mimea ya akwariamu haina shida ukifuata dozi. Damu ya kamba yenyewe hubeba oksijeni kwa kutumia shaba.

TangiDogo

Kuna namna ya kupima kabla ya kuhamishia tangini? Wengine hushauri kuweka kamba wawili watatu ndooni kwanza.

BintiUduvi

Mimi hilo silipendi hata kidogo. Kifo cha neva ni cha mateso, na kamba hao hawakuja kwako kuwa kipimo.

MajiTulivu

Dada yuko sahihi kwa wiki za mwanzo. Kumwingiza kamba kwenye ndoo ya mmea mbichi wa kitaluni ni kumtoa kafara. Lakini mwisho wa karantini, baada ya wiki nne za maji mapya, kamba wachache kukaa humo siku kadhaa kabla ya kundi la mamia ni busara, kwa sharti kwamba uko karibu unawaangalia na maji safi ya kuwahamishia yako tayari. Usiweke konokono kama kipimo. KijaniTele ameshaeleza kwa nini.

MzeeWaMosi

Ipo njia nyingine ya zamani ambayo wengi wameisahau: mmea uliotoka kwenye tangi la mfugaji mwenzio ambamo kamba wanazaliana. Si wanaishi tu, wanazaliana. Vitoto vya kamba hufa kwa sumu mapema kuliko wazazi, kwa hiyo vikionekana vingi na vya ukubwa tofauti, majani hayo hayana sumu ya kukutia wasiwasi. Kinachobaki ni viumbe. Muulize kama ana planaria au hidra, na angalia kioo chake usiku kwa tochi. Vallisneria hutoa machipukizi mengi pembeni, mfugaji mwenye nayo hana choyo.

TangiDogo

Hapo mzee umenifungua. Basi nimepanga hivi: Anubias na Cryptocoryne za vikombe, Vallisneria kwa mwenzangu ambaye kamba wake wana vitoto, niipitishe kwenye shabu kwa saa mbili kisha wiki mbili ndooni kuvizia planaria na tunutu. Klorini naiacha.

FundiFilta

Mpango mzuri. Nakusihi jambo moja: usiingize vyote siku moja. Cryptocoryne ikihamishwa hupukutisha majani, hata ya vikombe, na lita 40 ni maji machache. Majani yanayooza kwa pamoja hupandisha amonia, na kamba hawana uvumilivu nayo. Weka vichipukizi vichache, kata linalooza kabla halijawa ute, pima amonia kila siku wiki ya kwanza. Mizizi uiache ilipo, itachipua.

BintiUduvi

Na kibano cha ndooni kisiingie tangini kabla ya kuoshwa na kukauka kabisa. Kipande kidogo cha planaria hukua kuwa mnyoo mzima.