Mnaouza seti za zamani za majengo ya reli, acheni kutuuzia takataka mkiziita "haijaguswa"

Wakuu, heshima kwenu. Leo sikuja kubembeleza mtu.

Kwa mgeni wa mambo haya: nazungumzia vijengo vya reli za modeli (treni ndogo za mfano), zile seti za kujiunganishia mwenyewe za miaka ya 50 na 60 ambazo ukuta ni kadibodi iliyochapwa matofali, paa ni bati la migongo, halafu milango na ngazi zimemiminwa kwa madini ya risasi yaliyochanganywa na metali nyingine. Kipimo cha HO, saizi mojawapo ya hizo treni, ni 1:87, yaani mlango wa mita 2 unabaki milimita 23. Kitu kidogo, kazi kubwa.

Basi nikapata ghala la mizigo kwenye mnada wa mtandaoni, huku huku Marekani nilipo. Tangazo linasema haijaguswa, kila kitu kimo, sanduku la asili. Bei yenyewe hata nyumbani sijaitaja.

Nafungua sanduku, karatasi ya kuta inang'aa! Jamaa aliyeniuzia kaipitisha kwenye mashine ya lamineshen, ile ya kufunika karatasi kwa plastiki. Eti "ili idumu". Idumu vipi? Kadibodi nyingi za enzi hizo ni rojo la mbao, zina asidi ndani, ndiyo maana zinageuka kahawia na kukatika. Ukizifungia kwenye plastiki ya moto, asidi inabaki humo humo, na plastiki haibanduki bila kuondoka na rangi. Haikunjiki vizuri, gundi haishiki. Ukuta wa matofali umekuwa menyu ya hoteli! Na chini ya hiyo plastiki kuna selotepu, kona ya nyuma ilikopasuka, gundi yake imeshazama na kuacha doa la kahawia. "Haijaguswa", wakuu.

Sasa njooni kwenye chuma. Milango imeota unga mweupe. Nikamwuliza, akanijibu ni vumbi tu, piga msasa. Piga msasa! Ile ni risasi iliyoliwa na mvuke wa asidi unaotoka kwenye kadibodi na mbao, ikifungiwa sandukuni miaka na miaka bila hewa. Unga wenyewe ni sumu. Mtu ana watoto ndani, unamwambia arushe unga wa risasi sebuleni? Na yeye alishaanza kuusugua, maana mlango mmoja una mikwaruzo ya brashi ya waya na vichwa vya ribiti vimefutika kabisa.

Nikadai hela yangu. Jibu: "kitu cha zamani hakirudishwi." Hakirudishwi ila kinapigwa lamineshen!

Na wale mnaojiandaa kuandika "si ununue za plastiki mpya", nyamazeni kwanza. Anayetaka plastiki anajua duka lilipo.

Kama huna nia ya kujenga, si lazima uwe fundi ili usiharibu. Laza karatasi bapa kwenye mifuko ya poliesta, mbali na jua na unyevu, na vipande vya risasi uviweke mbali na kadibodi. Basi, usifanye kingine. Anayetaka kujenga askani kwanza kwa kipimo chake kamili, achape kwenye kadi mpya, akate nakala. Ukiamua kukata ya asili, pitisha kisu butu kwenye mstari wa mkunjo kabla ya kukunja, la sivyo kadi inapasuka na weupe unatokeza kwenye kila kona ya jengo. Paa la bati ndilo pekee lililofika salama, nadhani kwa sababu halikuingia kwenye mashine.

Mwenye karatasi ya kuta za ghala la HO la enzi hizo, hata iliyokatwa nusu, naomba skani ya dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). Tafadhali usiinyooshe kwa pasi. Na wewe muuzaji, kama unasoma hapa, hela yangu bado naidai.