Masomo ya bure ya LSAT kwa vijana wetu, na maktaba imetunyima chumba

Kutoka: Dada wa Columbus

Shikamooni wakubwa, habari zenu nyote.

Mnakumbuka mwezi uliopita niliandika hapa kwamba nikimaliza mitihani ya mwaka wa pili wa JD, shahada ya sheria ya huku, nitawasaidia vijana wetu wanaojiandaa na LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani, ile sehemu ya hoja, bure, kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi. Vijana wamepatikana, sita. Mmoja anapakia mizigo ghalani usiku kucha na ameahidi kuja moja kwa moja akitoka kazini. Mwingine ni mama wa watoto wawili, ana shahada yake kutoka Dar, anasafisha vyumba hotelini.

Leo nimekwenda maktaba ya mtaani kwetu kuomba chumba. Nimepewa fomu. Ukurasa wa pili wanataka EIN, namba ya kodi ya shirika, na barua ya 501(c)(3), ile ya msamaha wa kodi kwa mashirika yasiyo ya faida. Nikamweleza yule dada wa dirishani kwamba sisi si shirika, ni mimi, vijana sita na ubao mmoja. Akaniambia bila barua ni dola 40 kwa saa, na zinalipwa kabla. Nikaomba kuonana na mkubwa wake, yuko likizo hadi tarehe 9. Nimetoka pale na fomu yangu tupu mkononi, na Jumamosi ni keshokutwa.

Swali langu: jumuiya yetu ilipata barua ya 501(c)(3) enzi za uongozi uliopita. Naweza kuitumia kuombea chumba? Na nani anayo nakala?

Kutoka: Mzee wa Minneapolis

Marahaba binti. Kwanza pongezi kwa moyo huo.

Barua ya IRS, mamlaka ya kodi, haiazimwi. Shughuli ikiombewa chumba kwa jina la jumuiya, basi iwe shughuli ya jumuiya kweli: kikao kiidhinishe, muhtasari uandikwe, katibu asaini. Na naomba watu waache kuchanganya mambo mawili. Kusajili jumuiya jimboni ni jambo moja, msamaha wa kodi wa IRS ni jambo jingine kabisa. Nimelieleza hili hapa tangu tulipokuwa wanachama kumi na moja.

Kutoka: Kaka wa Dallas

Dada, kwa nini wahangaike na LSAT? ABA, chama cha mawakili cha Marekani, iliruhusu vyuo kupokea GRE, ule mtihani wa jumla wa kuingia masomo ya uzamili, tangu Novemba 2021. Mimi binamu yangu kaingia kwa GRE. Halafu chumba cha nini, kutaneni sebuleni kwako.

Kutoka: Dada wa Columbus

Kaka, vyuo vingi vinapokea GRE, si vyote, na hawa sita wameshachagua LSAT. Sebuleni kwangu tunaishi watatu, na mwenzangu mmoja ni muuguzi wa zamu ya usiku, Jumamosi asubuhi ndiyo analala. Siwezi kumfanyia hivyo.

Kutoka: Mama wa Houston

Asalaam aleikum. Mwanangu, Mungu akulipe. Mimi wangu wa kiume alifanya LSAT mwaka jana akapata 147, akajifungia chumbani siku mbili. Alikuwa amenunua vitabu vya mkono wa pili, vinene, nusu nzima ni ile michezo ya watu saba wamekaa kwenye meza, nani kando ya nani. Ramadhani nzima baada ya futari namwona anachora vimeza na vimshale. Kufika kwenye mtihani, haikutokea hata moja. Ni kweli imeondolewa au alibahatika vibaya?

Kutoka: Kaka wa Dallas

Haijaondolewa mama, wanabadilisha badilisha tu.

Kutoka: Dada wa Columbus

Kaka wa Dallas, nakuomba tusimpotoshe mama. Hiyo sehemu ya michezo ya mantiki imeondolewa, tangu mtihani wa Agosti 2024. Ilianzia kwa watahiniwa wasioona waliolalamika kwamba maswali yale hayafanyiki bila kuchora. Wakafikia makubaliano na LSAC, wenye mtihani, mwaka 2019, LSAC ikajipa miaka minne kutafuta njia nyingine, na mwisho ikaitoa sehemu yote.

Sasa hivi sehemu ni nne, kila moja dakika 35. Mbili ni za hoja, moja ni ya ufahamu, na ya nne haihesabiwi ila huambiwi ni ipi. Kila sehemu ya hoja ina maswali kama 24 hadi 26, hupati hata dakika moja na nusu kwa swali. Maana yake hoja ndiyo imebeba mzigo mkubwa wa alama, ndiyo maana nimeamua kufundisha hiyo peke yake.

Mama, mwambie ndugu yangu 147 si mwisho. Kipimo kinaanza 120 hadi 180, na mtu anaruhusiwa kurudia hadi mara 5 ndani ya kipindi cha miaka 5, mara 7 kwa maisha yote. Hivyo vitabu aviweke kando. Afungue akaunti ya LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC; ya bure ina mitihani ya mazoezi ya kuanzia.

Nawaonyesha ninavyofundisha, maana wengi mmeniuliza pembeni. Watoto wetu wanajua Kiingereza, wengine wamezaliwa nacho. Wanaanguka kwenye viungo vidogo vya sentensi. Chukueni neno 'unless'. Mimi mwenyewe lilinitesa miezi miwili, hadi siku moja nikalisoma kwa Kiswahili: "Mwanafunzi halipi nusu nauli asipovaa sare." Kila aliyepanda daladala anaijua hiyo. Aliyelipa nusu, basi alikuwa na sare. Sasa geuza: amevaa sare, je amelipa nusu? Hapana! Konda anaweza kumkatalia mlangoni na sare yake ilivyopigwa pasi. Sare ni sharti la lazima, haitoshi peke yake. Kwenye mtihani kuna jibu linalosema "alivaa sare, kwa hiyo alilipa nusu", limeandikwa kwa maneno mazuri, na ndilo wengi wanalolichagua wakiwa wamechoka.

Jingine hili, nimelitunga mwenyewe. Diwani anasema: "Tangu tuweke taa sokoni, kesi za wizi zinazoripotiwa polisi zimepungua nusu. Kwa hiyo taa zimepunguza wizi." Swali linauliza diwani amechukulia jambo gani kuwa kweli bila kulisema. Majibu matano. Mojawapo: "Watu hawajaacha kuripoti wizi polisi." Likanushe uone. Sema watu wameacha kuripoti, labda wamechoka kuzungushwa. Hoja ya diwani inabaki na nini? Imekufa. Basi hilo ndilo jibu. Kila jibu unaloliwazia, likanushe kwanza. Hoja ikibaki imesimama, achana nalo.

Kijana wa ghalani nilimpa hilo kwa simu. Alikaa kimya kama dakika nzima, nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Dada, kumbe aliyehesabu kesi hakuhesabu wizi." Ndiyo hiyo tu. Hakufundishwa na mtu kabla ya hapo.

Kutoka: Ndugu wa Portland, Maine

Jambo wandugu. Mie nilikuja toka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kiswahili changu cha Bukavu kimechanganyika na cha Kigoma, mtanisamehe. Nina green card tangu mwaka juzi, namaliza shahada mwezi wa tano. Ada za LSAT na CAS, ile huduma ya LSAC ya kupeleka nyaraka vyuoni, ni nyingi kwangu, nalipia na nyumba ya mama. Naweza kujiunga kwa Zoom? Na msamaha wa ada unafanya namna gani?

Kutoka: Dada wa Columbus

Karibu sana ndugu. Zoom itakuwepo, simu yangu nitaisimamisha mbele ya ubao.

Msamaha wa ada unaombwa LSAC kwenyewe, wanaangalia kipato cha nyumba. Andaa fomu ya kodi ya mwaka uliopita. Ukikubaliwa, wanaondoa ada ya mtihani na ya CAS, na wanakufungulia mitihani ya zamani ya LawHub kwa mwaka mmoja. Omba KABLA ya kujisajili, maana uliyokwisha kulipa hawarudishi. Vyuo vingi navyo vinakusamehe ada ya kuomba nafasi ukishakuwa na huo msamaha.

Kutoka: Mwanafunzi wa Kansas

Samahani, mimi niko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na nilipata alama nzuri kwenye hoja. Ningependa kumsaidia dada kufundisha. Ni bure, kwa hiyo hakuna shida na I-20, ile hati yangu ya mwanafunzi wa kigeni, au?

Kutoka: Mzee wa Minneapolis

Usijiamulie. Mwandikie DSO wako, afisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa kigeni, upate jibu kwa imeili, ulihifadhi. Kuna kazi ambazo mtu hulipwa, na kuzifanya bure hakuzigeuzi kuwa kujitolea. Nimeona kijana akihangaika miezi minane kwa jambo aliloambiwa na rafiki kwamba "halina shida".

Kutoka: Wakili wa zamani, Yonkers

Naomba niongeze kitu, maana naona mama mmoja wa Columbus ana shahada ya Dar. Ni shahada ya nini? Kama ni LLB, shahada ya kwanza ya sheria, hahitaji LSAT wala JD! New York, kanuni 520.6, mtu aliyesoma sheria nchi zenye mfumo tulioachiwa na Waingereza anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani wa uwakili, na ikipungua kitu anakamilisha kwa LLM, shahada ya uzamili ya sheria, ya krediti 24. Mimi nilipoteza mwaka mzima nikikariri maswali ya LSAT kwa sababu hakuna aliyeniambia. Nilikuwa na LLB kabatini.

Kutoka: Dada wa Columbus

Yeye ni sosholojia, kaka. Lakini ahsante, hili liandikwe mahali lisipotee.

Kutoka: Kaka wa Dallas

LLB ya siku hizi yenyewe ni ipi? Mmesahau matokeo ya Law School of Tanzania, wanakopita wenye LLB kabla ya uwakili, 2022, watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26? Hao ndio mnataka waje New York?

Kutoka: Wakili wa zamani, Yonkers

Takwimu ni hizo, sikatai. Lakini ukitaja 26, taja pia kwamba iliundwa kamati chini ya Dk. Mwakyembe kuchunguza, kwa sababu watu walijiuliza kama tatizo ni wanafunzi, vyuo walikotoka au shule yenyewe. Na hapo ndipo penye somo la leo la huyu binti: umechukua namba moja ukarukia hitimisho. Watu 607 wote ni wajinga? Umekanusha nini kwanza?

Kutoka: Kaka wa Dallas

Sikusema ni wajinga. Nina mdogo wangu kati ya hao. Ilituuma nyumbani.

Kutoka: Mama wa Houston

Pole baba. Pole sana.

Mnanikumbusha mdahalo. Tanga, Ijumaa mchana, madirisha yote wazi na bado joto. "Bunge hili linaamini kwamba elimu ni bora kuliko mali." Nilikuwa upande wa mali, kidato cha pili, nimesimama miguu inatetemeka. Mwalimu wetu alikuwa hatoi alama kwa kelele. Alikuwa anasema, "Nionyeshe ulichosimamia, nikivute nione kama utaanguka." Nimesoma mfano wa diwani nikamsikia yeye. Sijui kama yu hai.

Kutoka: Mweka hazina msaidizi

Nimeitafuta barua. Nimepata nakala, ya mwaka 2017. Kisha nikaingia kwenye ukurasa wa IRS wa kutafutia mashirika nikaandika EIN yetu. Jumuiya iko kwenye orodha ya waliofutiwa. Fomu 990-N, ile taarifa ya kila mwaka ya mashirika madogo, haikutumwa miaka mitatu mfululizo, na ikifika mitatu inafutika yenyewe. Imefutwa Mei mwaka jana. Inaniuma kuwaambia hivi.

Kutoka: Mweka hazina aliyepita

Nilikabidhi ofisi na kila kitu kwenye bahasha ya kaki, mbele ya mashahidi. Mwaka wa kwanza nilituma mimi. Naomba nisitupiwe lawama.

Kutoka: Mzee wa Minneapolis

Hakuna aliyekutaja ndugu. Tuulizane lini tunarekebisha. Shirika dogo lina miezi 15 tangu kutangazwa kufutwa, likijaza fomu ya maombi, 1023-EZ, na kulipa dola 275 linarudishiwa hadhi kuanzia siku ileile ya kufutwa. Muda huo ukipita ni shughuli nyingine, ndefu zaidi. Ilifutwa Mei, hesabuni wenyewe. Mimi natoa dola 100 leo.

Kutoka: Wakili wa zamani, Yonkers

Natoa 100. Fomu nitaijaza mimi, nitumieni katiba ya jumuiya na majina ya viongozi.

Kutoka: Kaka wa Dallas

Zilizobaki 75 ni zangu. Na dada, niwie radhi kwa lile la michezo ya mantiki, nimehakikisha.

Kutoka: Dada wa Columbus

Ahsanteni jamani, nimesoma nikiwa kwenye basi machozi yakanitoka. Nisahihisheni kama nimeelewa vibaya: hata tukituma leo, barua haitafika kabla ya Jumamosi. Kwa hiyo sijui bado tunakaa wapi. Yule mama wa watoto wawili ana kanisa lenye ukumbi, anamuuliza mchungaji usiku huu. Ikishindikana tutakuwa Zoom wote.

Kutoka: Mama wa Houston

Mwanangu wa 147 ametoka chumbani. Nilimsomea la diwani mlangoni, akanijibu kabla sijamaliza majibu yote. Anauliza, saa nne ni ya kwenu Ohio au ya huku kwetu Texas?