Mmea mla watu wa jangwani: upi niuweke kwenye kampeni?

DaduMbovu
Wakuu, habari za jioni. Naendesha kampeni ya D&D (mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu) kwa watu wanne hapa Dar kila Jumamosi, kanuni za 2014, wahusika levo ya 4. Wiki hii wanaingia jangwani na nataka wakutane na mmea unaokula watu. Mawazo yamebaki matatu:

Mpungate wa Kamba: unarusha miiba yenye nyuzi, ukikupata unakuvuta hadi kwenye shina.
Kinywa: umejizika mchangani, ukikanyaga tu unafunga.
Mtungi: umesimama kama pipa, ndani una maji safi. Ukiinama kuchota, mdomo unajifunga nawe ndani.

Mimi naelekea Kinywa, kinashtua. Mnasemaje?

BintiNyika
Kinywa hapana, kaka. Niliwahi kuweka mtego wa namna hiyo. Mchezaji akatupa dadu, ikatoka 3, mguu ukanaswa, akaniuliza, "Sasa hapo mimi ningefanya nini?" Sikuwa na jibu. Usiku mzima akawa anachezea simu. Mtego usio na dalili ni kama kumpiga mtu faini njiani.

Mpungate ndio wenye pigano. Aliyenaswa mwendo wake ni sifuri, akishambulia anatupa dadu mbili na kuchukua ndogo, anayemshambulia yeye anachukua kubwa. Wenzake wanahangaika kukata nyuzi huku mmea unavuta. Kila uzi upe HP (pointi za uhai) 5, basi. Kila mtu mezani ana kazi.

MzeeWaMbegu
Nafundisha baiolojia, mtanivumilia. Mimea inayokula wadudu mingi huishi kwenye udongo chepechepe usio na rutuba. Dionaea, ule wenye majani yanayojifunga kama taya, kwao ni vinamasi vya Carolina Kaskazini na Kusini kule Marekani. Gundi na maji ya kumeng'enyea ni gharama kubwa kwa mmea, kwa hiyo jangwani swali la kwanza ni: maji unayatoa wapi?

Wapo wanaokaribia jibu. Drosophyllum wa Ureno, Hispania na Moroko hukaa kwenye vilima vikavu, na hata kiangazi majani yake yana matone ya gundi yanayonukia asali. Halafu kuna Hydnora africana wa kusini mwa Afrika, anayenyonya mizizi ya mimea ya jamii ya minyaa. Humwoni mpaka ua lipasue ardhi, linanuka mzoga, mbawakawa wakiingia wanafungiwa siku kadhaa. Hawaliwi, wanaachiwa watoke na chavua mgongoni. (Wanafunzi wangu wakifika hapo husikitika kabisa.)

Kwa hoja hiyo mimi nachagua Mtungi. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Ukimla msafiri, umejaza mtungi wa kumvutia msafiri anayefuata.

Kobe_88
Meza yangu wangebishana saa mbili kama wanaweza kuufuga.

DaduMbovu
Mzee, hiyo ya kujaza mtungi imeninyima usingizi. Ila wachezaji wangu ni wajanja, wakiona maji katikati ya jangwa watajua ni mtego.

BintiNyika
Watajua, na watakunywa. Soma kanuni: kwenye joto kila mhusika anahitaji galoni 2 kwa siku, yaani kama lita 7 na nusu. Watu wanne ni karibu lita 30! Nani anabeba? Anayepata chini ya nusu anapanda ngazi moja ya uchovu bila hata kutupa dadu, na ngazi ya 6 ni kifo. Athas, ule ulimwengu wa jangwa wa D&D wa mwaka 1991, ulitisha kwa sababu hizohizo, kabla hata hujakutana na mnyama.

Nabadili kura yangu, ila kwa sharti: maji yawe ya kunywa kweli. Na dalili ziwepo. Ngamia anagoma kusogea, pembeni kuna kiatu kimoja.

MzeeWaMbegu
Uazime basi na ujanja wa Dionaea. Nywele zake zikiguswa mara moja haufungi, unahesabu. Zikiguswa tena ndani ya sekunde 20 hivi, umekwisha. Raundi ya mchezo ni sekunde 6, kwa hiyo weka raundi tatu: mguso wa pili ndani ya hizo tatu, mdomo unafunga.

DaduMbovu
Nimechukua yote. Mpungate nauweka akiba.

DaduMbovu (Jumapili asubuhi)
Ripoti. Waliufikia Mtungi siku ya tatu, viriba vitupu, wawili wana uchovu ngazi ya 2. Wakarusha jiwe ndani, halikutokea kitu. Wakarusha la pili papo hapo, mdomo ukafunga paa! Hapo mezani kimya. Wakasubiri mpaka ufunguke, wakafunga sufuria kwenye mkuki, wakachota mara moja, kisha wote wanne wakahesabu raundi kwa sauti kabla ya kuchota tena. Viriba vinne vikajaa hivyohivyo, sufuria moja moja, na mimi sikuwa na haraka.

Wakati wanafunga mizigo, bundi wa mchawi, mmoja wa wahusika wao, akatua ukingoni anywe. Bundi hunywa kwa kudonoa.

Mchawi ameniandikia usiku wa manane kuuliza bei ya mafuta ya taa mjini.